Risasi Zilizofungwa Nyuzi za Mgomba

Chui alipoingia kwa jirani yetu, kijijini Nyakakika, mchana kweupe na kutoka na mbuzi, wanaume wa kijiji walichukua mikuki. Mume wangu alichukua bakora. Tulikuwa wauza nguo na chumvi, wazazi wake walitoka pwani, na mkuki hakuwahi kuurusha ukafika alikotaka. Walimcheka, tena mbele ya mdogo wake. Mimi mimba ilikuwa imekua, na kila jani la mgomba lililotikisika nililiona chui.

Haukupita muda, akanunua bastola kwa msafiri aliyekuwa akielekea Bukoba. Haikuwa na risasi. Shemeji, huyo mdogo wake, akazitafuta, akazileta zimefungwa kitambaani. Nikadhani tumepona.

Tulikaa uani, mume wangu akizijaribu. Ziliingia kwenye matundu ya bastola bila kusukumwa, kisha zikacheza humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Mtu mwingine angeziacha. Yeye akachana nyuzi kavu za mgomba, akaanza kuizungushia kila risasi mpaka ikabana.

"Sasa zimekaa," akasema.

Tarakimu za Kizungu sikuzijua, lakini macho nilikuwa nayo. Alama iliyochongwa kwenye bastola haikufanana hata kidogo na ile ya kwenye kitako cha risasi.

"Bwana, hizi si za bastola hii. Alama ni mbalimbali."

"Alama ni mapambo ya fundi tu," shemeji akadakia. Huyo naye, kwa kujua kila kitu, Mungu alimjalia.

"Msafiri mwenyewe alisema mzilinganishe. Nilikuwepo. Alisema risasi isiyo yake hupasukia mkononi."

Mume wangu aliinuka, akaingia shambani, akalilenga shina la mgomba. Nilimfuata. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, maana ule mkono wake ndio uliopima nguo, ndio uliotulisha. Nikasimama ubavuni pake, nikaufunika kwa mikono yangu miwili, bastola na vidole vyake pamoja.

"Toa mikono, mke wangu."

"Kama ni salama, piga. Tutaishika wote."

Shemeji, aliyetufuata nyuma, akacheka, kisha akaacha. Nilisikia kidole cha mume wangu kikitafuta mahali pake, kikakaa, kikaondoka, kikarudi tena. Jasho lake lilinilowesha viganja. Mwishowe akaishusha bastola, mtutu ukaelekea chini.

"Najua hazifanani," akasema taratibu. "Niliziona tangu mwanzo."

Hasira zilinipanda zikaifunika hofu yote. Chui nilikuwa namwogopa bure. Mume wangu mwenyewe alikuwa radhi kuniacha mjane na mimba yangu, ili mdogo wake asimwite mwoga.