Kigugumizi cha Gia ya Pili

Mtaani walimwita Bi Pazia, kwa sababu alishona mapazia na kwenda mwenyewe kuyatundika majumbani mwa watu. Alikuwa mtu wa harakaharaka, chai anakunywa amesimama. Gari lake dogo la dizeli lilibeba kila kitu: vitambaa nyuma, ngazi, na fimbo za pazia zilizopita katikati ya viti hadi mbele. Pembeni yake alikaa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kushika ngazi na kumchekesha.

Ugonjwa wa gari ulianza kimyakimya. Akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, akaachia klachi na kukanyaga mafuta, gari halikuvuta. Injini haikuzima, ilikata pumzi tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha gari likaruka mbele ghafla na fimbo zikagongana.

"Wifi, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!"

Jioni alimweleza mumewe, karani wa bohari, mpole lakini mjuaji. Mume akachukua ufunguo, akazunguka mtaa, akarudi anapiga mluzi.

"Halina neno, mke wangu. Ni mguu wako tu. Una mambo mengi kichwani."

Fundi naye alilijaribu, akabadilisha chujio la dizeli, akalijaribu tena. Liliteleza bila kinyongo. Akamrudishia ufunguo na kumwambia kwa upole uliomchoma, "Mama, jitahidi kukanyaga mafuta mapema kidogo."

Hapo ndipo utulivu ulipomtoka. Aliendesha na viatu vya kisigino, akavivua akavaa ndala, akavua ndala akaendesha peku. Mara linasita, mara halisiti. Kwenye cherehani nako miguu ikaanza kumsaliti. Mapindo yakaenda upogo, akafumua, akashona, akafumua tena. Akawa anapita barabara za nyuma ili aikwepe njia panda kubwa, na kwa wateja anafika amechelewa, kwapa zimelowa. Mezani aliinuka kabla hajashiba, akaenda dirishani kulitazama gari lilivyotulia uani. Lilimkera kwa ule utulivu wake.

Siku moja barabara za nyuma zilifungwa kwa matengenezo, ikabidi apite njia panda. Lori lilikuwa bado mbali. Akaona nafasi, akaondoka, akatia gia ya pili, na gari likakata pumzi katikati ya barabara. Wifi yake akapiga ukelele. Lori likapiga honi, likapinda, likawapita karibu mno hadi gari zima likatikisika.

"Umelala?" dereva alifoka huku akitokomea.

Mumewe aliposikia habari hiyo aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Basi. Kuanzia kesho nitakupeleka mimi."

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana ikauma zaidi.

"Unipeleke? Unipakie na kunipakua kama robota la kitambaa?" Bi Pazia akainuka, akakaa, akainuka tena. "Hapana, baba. Mguu wangu naujua."

Asubuhi alikwenda kwa fundi. Fundi akanyoosha mkono apewe ufunguo. Hakupewa.

"Leo naendesha mimi. Wewe kaa pembeni."

"Mama, gari hili mbona nimeshalijaribu..."

"Panda, fundi."

Fundi akapanda, akafunga mkanda upesi kuliko kawaida yake. Mwisho wa uchochoro gari likasita. Akamwambia arudie. Likasita tena. Sasa fundi hakuwa anatazama barabara. Alikuwa ameinama akitazama mguu wa kushoto wa Bi Pazia.

"Unaachia klachi taratibu."

"Ndilo kosa langu?"

"Si kosa, ndivyo inavyotakiwa. Sisi wengine tunaiachia kama tumekanyaga kaa la moto." Wakasimama, akaingiza kichwa chini ya usukani. Sauti yake ikatokea huko: "Kuna swichi hapa juu ya pedali. Ndiyo inayoiambia injini kwamba unabadilisha gia, ipunguze mafuta. Imechoka. Ukiachia kwa kishindo inaruka, ukiachia polepole inanata, na injini inadhani bado umekanyaga." Akatoka na vumbi kwenye nyusi. "Samahani, mama. Nilipaswa kukaa pembeni yako tangu siku ile."

Swichi mpya ingepatikana kesho yake. Jioni ile Bi Pazia alimpa mumewe ufunguo, akamwomba aendeshe, ila aachie klachi pole. Mbele ya geti la jirani gari likasita, likawatupa mbele wote wawili.

"Ndiyo hii?" mume akauliza.

"Ndiyo hii."

Alishika usukani muda mrefu bila kuondoka. "Na ulikuwa unakwenda nalo hivi kila siku?"

Bi Pazia aligeukia dirisha. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho.

Swichi ilibadilishwa, gari likapona. Yeye hakupona mara moja. Kila alipotia gia ya pili mabega yalikakamaa yakingoja ule mshtuko, na injini ilipovuta vizuri alikosa pa kuupeleka woga wake, basi akazidi kukanyaga mafuta.

"Wifi," wifi yake akamwambia asubuhi moja, ameng'ang'ania ngazi, "nyumba ya mteja tumeshaipita."

"Najua. Acha livute kwanza," akasema, akatia gia ya tatu.