Saa ya Fundi wa Toi

Juzi nilikuwa Soko la Toi nikingoja fundi anipunguzie suruali ya mitumba. Kando ya cherehani ana saa ya mezani inayolia kila siku saa nane mchana. Huwaambia wateja inamkumbusha kutia mashine mafuta.

Siku hiyo haikulia. Fundi akamwita jirani yake, mama wa mandazi: "Mathe, nipe mbili."

Mama akafunika karai. "Sikuuzii. Saa nane imepita na hujameza dawa. Mandazi ni saa tisa."

"Dawa gani? Hiyo saa ni ya mafuta!"

"Mafuta kila siku, kwani hiyo ni lori? Dadangu angepata hizo dawa za ukimwi, saa hii angekuwa hapa akinikandia unga."

Fundi akatoa kidonge kwenye droo ya cherehani. Mshona viatu wa mkabala, bila kuinua macho, akamnyooshea kikombe cha maji. Fundi akameza, akarudi kushona.

Akinipa suruali alininong'oneza: "Tafadhali, usiambie mtu."

Nikaapa. Ila nilipotazama huku na huku, sikumwona aliyebaki wa kuambiwa. Saa tisa kamili, mandazi yalimfikia kabla hajaita.