Kuutazama Mpunga wa Foibe

Niliondoka Ihanda kwa sababu ya wivu. Miaka ya themanini ilikuwa ukingoni. Mvua za vuli zilikatika mapema, mpunga wetu wa bondeni ukakauka kabla ya kuchanua. Kisha tukasikia kwamba kule Nyakakika mpunga wa mdogo wangu Foibe umestawi. Foibe! Yule ambaye kila alipopalilia, mama alipita nyuma yake kupalilia upya.

Asubuhi nilijitwisha mkungu wa ndizi, nikapata lifti ya lori la kahawa. Njiani, Nyakasimbi nako mabonde yalikuwa makavu. Nikafarijika kidogo.

Nyakakika nilifika jua likiwa utosini. Foibe alikuja mbio akapiga goti.

“Shikamoo dada!”

“Marahaba. Nionyeshe huo mpunga.”

“Waitu, jamani! Hata maji hujanywa?”

“Nitakunywa baadaye.”

Bonde lilikuwa kijani tupu. Maji yalitulia kati ya kingo za udongo, yakishuka kidogo kidogo kutoka kwenye bwawa walilochimba wanakijiji kwa majembe. Yohana, mume wake, alikuwa topeni pamoja na wanawake. Mume wangu mimi husema mpunga ni kazi ya wanawake. Roho iliniuma.

“Wewe una bahati,” nikasema. “Shamba lenu ni lipi?”

Foibe akanyoosha kidole kwenye bwawa. “Lilikuwa pale. Ndipo maji yanapokusanyika. Hakuna mwingine aliyekuwa na mahali pa kufaa.”

“Na huu mpunga wote?”

“Wa majirani. Walitumegea kipande hiki tu. Yohana alipokubali nililia, dada. Nilimnunia mpaka mvua zikarudi.”

Shamba letu Ihanda nalo lilikuwa chini ya chemchemi, na majirani walikwisha kutuomba mara mbili tulitoe lichimbwe bwawa. Mara zote tulikataa.

Kesho yake Foibe alinifungia mbegu inayokomaa upesi, akanisindikiza hadi barabarani.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akauliza, “Na Yohana naye alichimba?” Nikamwambia alichimba. Wiki iliyofuata aliwatangulia majirani bondeni na jembe lake, kuchimba bwawa shambani kwetu.

Msimu uliofuata mvua zilikatika tena. Mpunga wa Mama Devota, jirani yetu wa chini, ulinawiri kuliko wangu wa kwenye kipande tulichomegewa. Nilisimama kwenye ukingo wa bwawa nikiutazama, moyo unanichoma. Kisha nikainama, nikamfungulia maji.