Simu Tuliyoichangia Ukoo Mzima

Mwanangu wa kwanza anafanya kazi ofisini Gitega. Ana tai tatu, ana kochi la vitambaa ambalo watoto wake hawaruhusiwi kulikalia, na ana binti chuoni. Kwa macho ya watu wa kwetu Gasorwe huyo ni tajiri. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka binti aliponipigia kwa kitochi chake, kisimu cha vitufe kisichofungua grupu.

"Bibi, mwalimu anatuma masomo yote kwenye grupu. Hata kazi ya mwisho itapitia humo. Asiyeituma mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi, anarudia mwaka."

Nikatoka Gasorwe, nikaenda Gitega mwenyewe. Muuzaji wa simu alipotaja bei nilimuuliza kama hicho kitu hukamuliwa maziwa. Akasema dola imepanda. Tukaenda kula, tukarudi, dola ilikuwa imepanda tena. Mwanangu alikuwa anarekebisha tai. Mshahara wake ungeliwa na ile simu miezi mingi, na nyumba nzima ingekaa kumtazama yeye na tai.

Kwetu kijana akioa, ukoo unakaa kikao, kila mmoja anasema atatoa nini. Nikasema basi, tukae kikao cha simu. Walikuja. Siku hiyo tuliruhusiwa kukalia kochi. Mjomba wa binti, kaka yake mama yake, alitoka Giheta na hotuba kabisa, akatoa kuliko wote, akalisema hilo mara mbili. Simu ikanunuliwa, nami nikabaki Gitega kwanza.

Kosa lilikuwa langu. Mchango wa harusi hauachi kitu nyuma: vinywaji vinakwisha, watu wanakwenda makwao. Simu inabaki. Na kila aliyeichangia anataka kuona pesa yake inaendeleaje. Shangazi yake binti alikuja kila jioni kuongea na mwanawe aliye mbali, mpaka moto wa simu, chaji yake, unakwisha. Jirani aliyetoa kidogo sana alikuja kupigwa picha, naye akachagua nguo. Binti alikuwa anasoma masomo yake kwa zamu, kama mtu anayechota maji kwenye bomba la watu.

Ijumaa ile ya mwisho nikiwa sokoni, mjomba akaja kuiazima. Alikuwa anamwoza kijana wake kesho yake huko Giheta, akataka video. Binti akampa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Nilimfundisha mimi.

Jumamosi saa tisa na nusu tulikuwa Giheta, binti kashika kazi yake aliyoiandika kwenye karatasi. Familia mbili zilikuwa zimekaa zikitazamana, msemaji wa upande wa kijana yuko katikati ya maneno ya ng'ombe wa mahari, mjomba amesimama mbele ya wote na simu juu. Nilipita katikati yao. Najua haifanywi.

"Mkwe, nipe simu."

"Subiri kidogo, Mama. Ng'ombe ndio wanatajwa."

"Hao watatajwa mpaka jua lizame. Mwisho wa mtoto ni saa kumi."

Akainama, akasema chini chini, "Mama, nusu ya simu hii ni yangu."

"Kata nusu yako ubaki nayo. Ile yenye grupu nipe mimi."

Msemaji mwenyewe alicheka, akasahau ng'ombe amefika wa ngapi. Mjomba akanipa.

Tukaenda nyuma ya turubai. Binti akapanga karatasi kwenye kreti ya soda ili azipige picha. Akabonyeza, akabonyeza tena. Simu ilikataa. Akaniambia imejaa, haina nafasi hata ya picha moja, video ya harusi imekula yote. Kuifuta hakuthubutu, maana yeye hawezi kumfanyia mkubwa jambo kama hilo.

"Futa," nikamwambia.

"Yote, Bibi?"

"Anza na hotuba ya mjomba wako. Ndiyo ndefu."

Ikabidi kufuta yote. Kazi ilikwenda saa kumi kasoro dakika chache, na binti akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake zuri. Mjomba alipokuja kuuliza video iko wapi, nikamwambia imebaki kwenye ile nusu yake.

Mpaka leo ananisalimia msibani tu, kwa kuwa huko ni lazima. Binti hakurudia mwaka.