Simu Mbili Zilizolia Pamoja

Shangazi alinishuku kabla mimi sijajishuku.

"Mwana wa kaka, niambie kweli," alisema pale Salale, tope la mikoko likimkauka miguuni. "Unachumbia kwa kamba wangu?"

Jirani yake ana binti, na sikukana kwamba ni mzuri. Lakini ile programu ya simu ya kuwaita wavuvi niliiandika kwa ajili ya wote. Wenye boti wakiwa shambani wanawinga ndege kwenye mpunga, maji yakijaa kijitoni na kutosha boti kuelea, simu inawaita. Kijito cha shangazi ni cha kina zaidi, maji hutosha mapema, hivyo alipaswa kuitwa kwanza. Siku ile simu yake na ya jirani zililia pamoja, na jirani, mwenye shamba karibu na maji, akamtangulia kufika kwa mnunuzi, bandarini Nyamisati. Barafu ya mnunuzi ikaishia kwa kamba wa jirani. Kamba wa shangazi wakaoza.

"Labda mtandao, shangazi."

"Mtandao nao unamjua mkweo?"

Nilirudi chumbani kwangu Kibiti nikiushuku mtandao, nikimshuku jirani, na mwisho nikaifungua programu yenyewe. Ujumbe hukaa kwenye foleni, lakini si kwa kutangulia kufika. Kila mmoja una muda wake, haugusiki mpaka uive. Nyuzi, yaani watumishi wa programu wafanyao kazi sambamba, huutoa. Mmoja wao hutazama ujumbe wa mbele, kisha hulala mpaka saa yake. Jirani alijiandikisha alfajiri, uzi ukalala ukingoja maji yake. Shangazi alijiandikisha baadaye, ujumbe wake ukakaa mbele kwa kuwa maji yake yangeiva mapema. Hakuna aliyeuamsha uzi ule. Ulipozinduka kwa saa ya jirani, jumbe zote mbili zilikuwa zimeiva.

Kule Salale, anayelala botini akingoja maji hutikiswa na kila ajaye mwenye safari ya mapema. Programu yangu haikuwa na mkono huo wa kutikisa. Nikauweka.

Kesho yake nilirudi Salale, na shangazi hakwenda shambani. Alichomeka kwenye tope kijiti chenye alama ya maji ya kutosha boti yake, akamwomba jirani simu yake.

"Chukua, dada," jirani akacheka. "Na shati utataka?"

Maji yalipogusa alama ya kijiti, simu ya shangazi ililia. Ya jirani ilinyamaza kiganjani mwake.

Hakutabasamu. Akarudisha simu, akafungua kamba ya boti.

"Kijiti usiking'oe," akaniambia.

Sikuking'oa. Alipotokomea kwenye mikoko, nilikuwa bado nakitazama.