Nusu ya Ukurasa

Juzi usingizi haukuja. Nilikuwa najiuliza: nikikiri kosa langu sasa, nitamsaidia Shangazi Mwanaidi, au nitajituliza moyo wangu tu?

Ijumaa, kwenye treni ya kwenda Wembley, abiria mmoja alikuwa ameshika gazeti lililokunjwa. Nusu ya juu ilisema chama fulani kitazuia wazazi kuja kuishi na watoto wao Uingereza. Nilipofika nyumbani nikaitangaza habari hiyo mezani kama mchambuzi wa siasa. Shangazi, anayehangaikia viza ya mama yake, bibi yangu aliyeko Tanga, akaacha kula.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimesoma kwa macho yangu."

Mumewe akacheka. "Msikilize msomi! Sisi tunabishana bure."

Chama hicho ndicho shangazi alichokipigia kura miaka yote. Kesho yake, kwa kuwa uchaguzi ulikaribia na yeye hupiga kura kwa posta, alichagua kingine, akafunga bahasha ya kura, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.

Jumatatu nikaikuta nakala ya gazeti lile kazini, imekunjuliwa. Nusu ya chini ilieleza kwamba hayo yalikuwa madai ya wapinzani, na chama chenyewe kimeyakana. Kura ikishapostiwa hairudi.

Jana nililiweka gazeti hilo mezani, wageni wakiwepo.

"Shangazi, nilisoma nusu tu."

Alisoma hadi mwisho, kidole kikifuata kila mstari. Kisha akavua miwani.

"Nilikuwa na kura moja, mwanangu. Ulikuwa na haraka gani?"