Sababu ya Nne ya Verna Hrabak

Siku ya mechi ya shule yetu, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kukimbizwa mkononi, watu wa mji wa Kessler Gap hujaa kwenye mabenchi ya ubavuni, upande wa magharibi, na mablanketi yao na chupa za kahawa. Verna Hrabak alikuwa akikaa peke yake nyuma ya nguzo za goli, juu ya kilima cha nyasi, kwenye kiti cha kukunja, darubini shingoni na daftari gotini. Kutoka ubavuni, alisema, unaona mpira umefika wapi. Yeye alitaka kuona umefikaje.

Mahali pale palianza kuwa pake alipokuwa na miaka kumi na sita. Kocha wa wakati huo alitafuta mwanafunzi wa kupiga picha za sinema za timu kutoka juu ya ngazi iliyosimamishwa nyuma ya goli. Wavulana wenye nguvu walikuwa uwanjani wakicheza, na wasiocheza waliiogopa ile ngazi kwa sababu ilikuwa inayumba upepo ukivuma. Verna akapanda. Kwa misimu miwili aliitazama timu kutoka mgongoni, kupitia kitundu cha kamera, na alipomaliza shule aliijua kazi ya wale watano wa mstari wa mbele, wanaowakinga wenzao, kuliko baba zao walivyoijua. Hakuna aliyemuuliza habari hizo. Aliolewa, akaajiriwa kwenye machimbo ya mawe ya chokaa kupima malori kwenye mizani, akamzika mumewe, akaendelea na mizani.

Mwaka 1973 mzee aliyekuwa akiandika ubashiri wa mechi katika gazeti letu la Alhamisi aliugua, na mhariri, Lowell Pike, akawa hana mtu. Verna alimpelekea kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Lowell alizichapa bila kubadilisha kitu, ila aliondoa jina lake la kwanza na kuacha herufi V, akihofia wasomaji wangekataa kuelezwa mpira na mwanamke. Ilichukua wiki tatu mji mzima kujua V ni nani. Hakuna aliyeacha kusoma.

Kufikia msimu huu ninaouandika, wa mwaka 1994, alikuwa amebashiri mechi mia mbili ishirini na sita na kukosea arobaini na nane. Tunazijua hesabu hizo kwa kuwa alizichapisha mwenyewe kila mwisho wa msimu, makosa kwanza. Makala yake yalikuwa na umbo moja daima: juu, nani atashinda na kwa pointi ngapi, chini, sababu tatu. Hakuwahi kuandika ubashiri usio na sababu. "Nikikwambia mvua itanyesha," alimwambia Lowell siku moja, "una haki ya kuniuliza nimeona wingu gani."

Sharti lake la pili lilikuwa kutozungumza na kocha yeyote tangu Jumatatu hadi filimbi ya mwisho ya mechi. Mwaka wake wa pili wa kuandika aliwahi kumnong'oneza kocha jambo alilokuwa ameliona, na Jumamosi ile, pale kilimani, akajikuta ameacha kuandika. Alikuwa anamwomba Mungu timu ishinde. Tangu siku hiyo, Kocha Ray Tomasic na waliomtangulia walimpungia mkono tu kutoka ng'ambo ya barabara, naye akawapungia.

Mwaka huo wa 1994 timu yetu ilifika raundi ya pili ya mtoano. Mara ya mwisho kufika hapo, wachezaji hawa walikuwa hawajazaliwa. Mechi ilipangwa Jumamosi mchana, nyumbani kwetu, dhidi ya Port Ambry, mji wa chini mtoni wenye shule mara mbili ya yetu na timu ambayo haikuwa imefungwa tangu Agosti.

Jumapili baada ya kanisa Verna aliketi jikoni na madaftari yake. Alikuwa na mazoea ya kuandika alama ndogo kwa kila mchezo: mikono iko wapi, miguu iko wapi, kabla mpira haujachezwa. Alipofika kwa Tim Vranic, mlinzi wa mwisho kulia katika mstari wa mbele, kalamu ilisimama. Mpira ulipokuwa wa kurushwa, Tim alirudisha mguu wa kulia nyuma kwa nusu hatua kabla ya kuinama. Ulipokuwa wa kukimbizwa, miguu yake ilikuwa sambamba. Katika mechi iliyopita mpira ulirushwa mara kumi na tisa, na mguu ulirudi mara zote kumi na tisa. Akafungua madaftari ya nyuma. Ilikuwa hivyo tangu mwanzoni mwa Oktoba, kijana alipoteguka kifundo cha mguu.

Katika mchezo huu, timu inayozuia ikijua mapema kama mpira utarushwa au utakimbizwa, nusu ya kazi imekwisha.

Timu hubadilishana kanda za video kabla ya mtoano, na za kwetu hupigwa kutoka paa la kibanda cha mtangazaji, ubavuni, mahali ambapo mguu ule haukuonekana vizuri. Lakini Jumamosi iliyopita mtu mwenye koti la rangi ya damu ya mzee, rangi ya Port Ambry, alisimama hatua chache kutoka kwenye kiti cha Verna, naye ana daftari. Aliandika nini, Verna hakujua.

Alipima jambo hili siku mbili. Akiliandika, na yule mtu hakuwa ameliona, atakuwa amewapa Port Ambry mechi kwa mkono wake, maana gazeti letu husomwa kule wiki ya mtoano kama lao linavyosomwa kwetu. Akilificha, atakuwa amewapa watu wake ubashiri usio na sababu yake kuu, baada ya miaka ishirini na moja ya kuwaambia kila kitu. Na wazo la kumwendea kocha hakutaka hata kulifikiria, ingawa alilifikiria sana.

Jumanne alimpelekea Lowell makala. Mhariri alisoma amesimama.

"Port Ambry ishirini na nne, sisi kumi na nne," alisema. "Verna, umeona mabango yaliyotundikwa barabara nzima?"

"Nimeyaona. Yameandikwa vizuri."

"Watanichomea ofisi."

"Hawatachoma. Nusu yao hawajamaliza kulipia matangazo yao ya harusi."

Lowell alicheka kwa pua, akaendelea kusoma. Sababu ya kwanza ilikuwa upana wa mstari wao wa mbele. Ya pili, mkimbiaji wetu alikuwa na bega bovu. Ya tatu, mpiga teke wao hakosi chini ya yadi arobaini. Kisha akafika chini, akakaa.

"Hii ni nini? 'Ipo sababu ya nne, nzito kuliko hizi tatu. Nimeiona kutoka mahali ninapokaa. Sitaiandika wiki hii. Nitaiandika Alhamisi ijayo, tushinde tushindwe.'"

"Ni kama ilivyoandikwa."

"Watu watasema umeishiwa."

"Waseme. Siwezi kujifanya zipo tatu na ninajua zipo nne."

"Niambie mimi basi. Mimi si kocha."

"Wewe ni mhariri, Lowell. Mbaya zaidi."

Gazeti lilitoka Alhamisi alfajiri. Saa mbili asubuhi lori la kwanza lilipopanda mizani, dereva wake alikuwa Butch Delvecchio, mwenye nakala iliyokunjwa kwenye dashibodi. Butch alicheza mstari wa mbele mwaka 1968 na hajamruhusu mtu kusahau.

"Bi Mizani," alisema kupitia dirisha, "umetuuza."

"Tani kumi na nane na nusu. Sogea mbele kidogo, gurudumu la nyuma halijapanda."

Akasogea. "Pointi kumi? Nyumbani? Mama yangu ana miaka themanini na minne, amesoma, amegoma kula."

"Mpikie supu."

"Na hii ya nne ndiyo nini? Siri? Tangu lini una siri na sisi?"

Verna aliandika uzito, akachana karatasi, akampa. "Tangu Jumapili," alisema. "Na sijaipenda."

Siku nzima ilikuwa hivyo. Dereva mmoja alikataa kumsalimu. Mwingine alimuuliza kama atavaa koti la Port Ambry siku ya mechi au atalibeba mkononi. Mwanamke wa kanisani, aliyekaanga naye vitunguu vya pirogi, yale maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani, kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitano, alipiga simu kusema kesho si lazima aje, wapo watu wa kutosha. Verna alisema sawa, akaweka simu chini taratibu, akapima lori lililofuata.

Alitoka kazini saa tisa na nusu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Barabara ya kwenda kwake hupita kando ya uwanja wa shule, na timu ilikuwa mazoezini, wasaidizi wakipiga kelele. Kocha Ray hakuwa kati yao. Verna alimwona kilimani, nyuma ya nguzo za goli, ameketi kwenye nyasi zilizolowa, mahali hasa anapoweka kiti chake. Magoti yameinuka, kofia imevutwa machoni, anatazama migongo ya watu wake.

Verna alipunguza mwendo. Mpira ulichezwa, Kocha hakusogea. Ukachezwa tena. Mara ya tatu alisimama ghafla, akasimama hivyo kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akaanza kushuka kilima, bila kukimbia, akielekea upande wa kulia wa mstari.

Verna aliangalia mbele na kuendesha gari hadi nyumbani.

Jumamosi alikaa mahali pake. Mabenchi yalijaa, na wachache waligeuka kumtazama, wakageuka tena. Yule wa koti la rangi ya damu ya mzee alikuwa chini, pembeni ya benchi la wenzake. Port Ambry walikuwa wakubwa kama alivyoandika, na bega la mkimbiaji wetu lilikuwa bovu kama alivyoandika. Hadi mapumziko wao walikuwa na kumi na saba, sisi sita. Katika kipindi chote kile miguu ya Tim Vranic ilikaa sambamba kama ya askari gwarideni, kila mchezo, mpira ukirushwa au ukikimbizwa. Verna aliandika sambamba, sambamba, sambamba, ukurasa mzima.

Robo ya tatu, Tim alirudisha mguu nyuma nusu hatua.

Verna aliinua darubini. Mabeki wa Port Ambry walirudi nyuma mara moja, wote, kama walioitwa kwa jina, kwenda kuungoja mpira wa kurushwa. Haukurushwa. Mkimbiaji mwenye bega bovu alipita katika pengo kubwa la kuweza kupitisha lori, akaenda yadi arobaini na moja hadi mstari wa mwisho. Basi walikuwa wanajua. Yule mtu alikuwa ameliona tangu Jumamosi ile.

Tuliwafanyia hivyo mara mbili zaidi kabla hawajazinduka, na mara moja kati ya hizo ilitupatia pointi nyingine saba. Ikaisha sisi ishirini, wao kumi na saba. Mpiga teke wao alikosa moja, kutoka yadi thelathini na nane.

Watu walipomiminika uwanjani, Kocha Ray alipanda kilima. Filimbi ilikuwa imelia, sharti limekwisha.

"Bi Hrabak."

"Kocha. Hongera."

"Suruali yangu ya Alhamisi haijakauka hadi leo."

"Nilikuona. Ungekuja na kiti."

Alikaa kwenye nyasi kando yake, mtu mzima, anahema. "Ungeniambia tu."

"Ningekuambia ningekuwa msaidizi wako. Unao wanne."

"Hao wanne hawakuuona ule mguu. Mimi uliniponyoka wiki sita, na mtoto namwona kila siku." Alifuta uso kwa kofia. "Nilisoma ile 'mahali ninapokaa' nikafikiri, huyu mama hana neno la kupoteza."

Verna alifunga daftari. "Mtoto anajua?"

"Anajua mguu wake ulikuwa mvivu. Zaidi ya hapo, hapana."

"Basi iishie hapo."

Jumatatu kwenye mizani Butch alifika akiwa amesahau kabisa kwamba aliuzwa.

"Ile haihesabiki, Bi Mizani. Nimewaambia wote. Ubashiri wako ndio uliotushindia, basi haukuwa makosa."

"Niliandika Port Ambry, Butch. Nani alishinda?"

"Sisi, lakini..."

"Basi nimekosea. Tani kumi na tisa kamili."

Makala ya Alhamisi hiyo ilianza hivi: makosa yangu sasa ni arobaini na tisa. Kisha aliieleza sababu ya nne kama alivyoahidi, mguu na nusu hatua na hesabu zake zote, bila jina la mchezaji. Baada ya hapo alichapisha maneno ambayo wengi wetu tuliyakata na kuyahifadhi: "Msomaji anaweza kuniuliza kama niliandika vile nikijua kocha atasoma. Nimejiuliza wiki nzima. Nilijua anasoma gazeti. Sikujua kama atapanda kilima. Siwezi kusema zaidi ya hapo na nikabaki mkweli, na kwa sehemu ile ninayoweza kulaumiwa, nawaomba radhi watu wa Port Ambry."

Chini yake alibashiri raundi ya tatu: tutafungwa, kwa pointi kumi na tatu. Safari hii sababu zilikuwa nne, zote zimeandikwa.

Ijumaa mchana mwanamke wa pirogi alimpigia simu, akamuuliza mbona amechelewa, vitunguu vinamngoja. Verna alikuta wanawake wote mezani wamelizunguka gazeti lililolowa mafuta. Hakuna aliyesema ametuuza. Mmoja alisogeza kiti, akaweka kidole chenye unga kwenye ukurasa.

"Verna, hii ya pili hatujaielewa. Mlinzi wao wa kati anafanya nini na mkono wa kushoto?"

Verna alivaa aproni, akashika kisu, akaanza kuwaeleza.